Okoye Huanzia kwa Fundi Viatu

Vua kiatu kilichoachia soli, mpelekee fundi wa pembeni mwa barabara, uketi kwenye kile kibao chake na umtazame mikono. Tazama anavyopaka gundi pande zote mbili, anavyosubiri ikauke hadi isishike kidole, anavyopima kwa jicho kabla ya kukutanisha, kisha anavyobana mara moja tu bila kurudia. Ukiinuka pale umeshajifunza nusu ya kazi ya kujitengenezea deraya ya Okoye, jenerali wa Dora Milaje, kikosi cha walinzi wa kike wa Black Panther, na hujalipa zaidi ya bei ya kushonewa kiatu. Nusu iliyobaki wanayo mama wa shanga, fundi cherehani, fundi bomba, kinyozi, na wale vijana wanaobandika tinti kwenye vioo vya magari. Mwongozo huu utakupitisha kwa wote hao. Utakukataza pia mambo kadhaa kwa ukali, kwa sababu anayetaka kusimama mbele ya umati akiwa na dhahabu mabegani na mkuki mkononi anastahili kuambiwa ukweli mapema, akiwa bado nyumbani.

Tuanze na ukoo wa mhusika, maana huwezi kuvaa mtu usiyemjua. Black Panther, shujaa wa vitabu vya katuni, alitokea mara ya kwanza katika toleo la 52 la Fantastic Four, la Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Dora Milaje walichelewa sana kufika: walizaliwa mwaka 1998, Christopher Priest na mchoraji Mark Texeira walipoanzisha mfululizo mpya wa vitabu vya Black Panther. Deraya nyekundu yenye dhahabu, ile ambayo watoto wa mtaa mzima wanaitambua, ilitufikia na filamu ya Black Panther ya 2018. Mavazi ya filamu hiyo yalibuniwa na Ruth E. Carter, mtu Mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar ya ubunifu wa mavazi, na aliyeshinda tena mwaka 2023 kwa filamu ya pili. Wekundu wa Dora Milaje ulitoka kwa Wamaasai. Pete za shingoni zina undugu na zile za shaba wanazovaa wanawake wa Kindebele wa Afrika Kusini. Nakia, mhusika mwingine wa filamu, aliigizwa na Lupita Nyong'o, binti aliyekulia Kenya, na Februari 2018 Kisumu ilikuwa na uzinduzi wake wa filamu hiyo.

Hapa ndipo ninapopandisha sauti. Mtu wa Nairobi akiagiza vazi hili kutoka ng'ambo, likamfikia likiwa kitambaa chembamba kilichochapishwa picha ya shanga, amelipa nauli ya ndege kwa mali ambayo malighafi yake inauzwa hatua chache kutoka kituo chake cha matatu. Shanga iliyochapishwa haigongani na mwenzake unapotembea. Bega lililochapishwa halina kivuli. Okoye lazima asikike kabla hajaonekana, na hiyo ni kazi ya mikono.

Amua basi ni Okoye gani unayemtaka. Yule wa kurasa za 1998 alivaa nguo za mjini na viatu vya visigino, na unaweza kumkamilisha kwa siku moja ya kuzunguka mitumba ya soko la Gikomba. Yule wa filamu atakula wikendi zako kwa miezi. Ukimchagua wa filamu, kusanya picha zake kwa wingi, na zaidi ya zote zile za mgongoni. Kila mtu ana picha ya mbele. Mgongo ndio unaowaumbua watu, kwa sababu hapo ndipo vifungo vinapokaa, hapo ndipo deraya inapopishana na kitambaa, na foleni ya kuingia ukumbini itakutazama mgongo kwa saa nzima kabla mwenye kamera hajakutazama uso. Angalia pia rangi ya dhahabu: Okoye ndiye jenerali, kwa hiyo madini yake ni ya dhahabu, wakati walinzi wa kawaida wanavaa ya fedha. Ukikosea hapo umejishusha cheo mwenyewe, na mashabiki hawatakusamehe.

Sasa mwili. Deraya ina kazi ya kuufuata mwili wenye mgongo uliopinda kidogo, bega moja lililo chini kuliko jingine na tumbo linalopanda na kushuka, kwa hiyo usikopi vipimo vya mtu mwingine hata kama ni wa urefu wako. Vaa fulana kuukuu usiyoipenda tena. Mwite ndugu mwenye subira, akuzungushie kifuani na mabegani ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, kisha juu yake abandike selotepu ya karatasi mpaka plastiki isionekane. Nenda chooni kabla hajaanza. Ukishazungushiwa, vuta pumzi ndefu mara kadhaa na umwambie asikaze. Wengi hujikakamua ili waonekane wembamba, wanapata deraya ya mtu asiyepumua, na siku ya siku wanakaa pembeni wamefungua kila kifungo. Mwambie achore kwa kalamu mistari yote: kiuno kilipo, bega linapoishia, kwapa linapoanzia, na mstari wa katikati kutoka kidevuni hadi kitovuni. Akukate mgongoni kwa mkasi butu, taratibu. Lile ganda linalobaki mkononi ndilo kielelezo chako. Kikate kwenye mistari kilale bapa, ukihamishie kwenye maboksi ya kadibodi, uyafunge mwilini kwa kamba na uzunguke nyumba nzima hivyo hivyo. Keti. Inuka. Okota kijiko sakafuni. Panda ngazi. Mkono usipofika kichwani, kata kwapa zaidi. Kadibodi hupatikana bure kwa mwenye duka, kwa hiyo makosa yote yafanyikie hapo.

Malighafi ya deraya yenyewe ni foamu ile ile ya mikeka ya kuchezea watoto, ile inayoungana kwa meno pembeni. Ya unene wa milimita 10 inafaa kwa mabega na kifua, na ile nyembamba zaidi kwa mapambo. Watengenezaji wa mavazi haya duniani kote wanaipenda kwa sababu ni nyepesi, haimchomi anayekumbatiwa, na ikikanyagwa ndani ya matatu hurudi umbo. Ni jamaa wa karibu wa foamu ya ndala. Sisi wa pwani hii tunajua ndala inaweza kuwa nini: Ocean Sole wa Kenya huokota ndala zilizotupwa na bahari, huzigandisha pamoja na kuzichonga kuwa wanyama wakubwa kwa wadogo, na mwaka 2018 Lamu ilishusha majini Flipflopi, jahazi la plastiki iliyorejelezwa lililovishwa ndala za rangi zote. Mahali ambapo ndala zimesafiri baharini zikiwa jahazi, bega la jenerali ni kazi ya kawaida. Vipande vidogo vya mapambo, kama vile vidoti na mistari iliyoinuka, vikate kutoka ndala zilizokwisha, uokoe mkeka kwa sehemu kubwa.

Kaa mbali na lile povu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Linavutia kwa sababu ni la bure na ni nene. Lakini gundi ya viatu hulila, na rangi ya kupuliza huliyeyusha mbele ya macho yako, na vumbi lake litakuwa kwenye kapeti mpaka Krismasi.

Kisu kiwe cha wembe unaovunjika ncha, na ncha uivunje mara kwa mara. Foamu hufanya wembe kuwa butu haraka kuliko unavyodhani, na wembe butu hautelezi, unararua. Kata kwa mkono mmoja mrefu, usikekete. Ukingo utakaokutana na ukingo mwingine ukate kwa mshazari, wembe umelala, ili vipande viwili vikikutana vigeuke kona yenyewe bila kulazimishwa. Hapa ndipo kadibodi inapotofautiana na deraya: kadibodi hukunjwa, deraya hujengwa kwa pembe. Fanya mazoezi kwenye vipande vya kutupa hadi mkono uzoee ule mlalo, ndipo uguse mkeka wenyewe. Na mtoto akiwa ndani ya nyumba, kisu kikae mfukoni mwako, kamwe kisikae mezani.

Turudi kwenye gundi, kwa sababu hapa fundi viatu ndiye profesa. Paka pande zote mbili, safu nyembamba. Acha ikauke. Vijana wengi hushindwa hapa, wanaona gundi imepoteza ung'avu wakadhani imeharibika, wanaongeza nyingine, wanakutanisha ikiwa mbichi, na mshono unateleza usiku kucha. Subiri hadi ukiigusa kwa mgongo wa kidole haikushiki. Dakika kumi hivi, zaidi kukiwa na mvua. Kisha kutanisha kuanzia mwisho mmoja kuelekea mwingine, kidogo kidogo, kwa sababu ikishikana imeshikana. Kazi hii ifanyikie nje, juu ya paa panapoanikwa nguo au barazani, upepo ukipita. Mvuke wa gundi ile unaumiza kichwa na mapafu na unashika moto, kwa hiyo jiko liwe mbali na mtoto awe mbali zaidi.

Kupinda foamu kunahitaji hewa ya moto. Mashine ya kukausha nywele haina nguvu ya kutosha. Vijana wa tinti wanayo mashine inayofaa, na ukimkuta mmoja siku isiyo na magari mengi, atakukodishia au atakupulizia mwenyewe kwa malipo kidogo na maswali mengi. Mjibu maswali yote. Ukimwambia unatengeneza Okoye atakusogezea kiti. Pitisha hewa juu ya foamu bila kusimama mahali pamoja. Uso wake utang'aa kidogo vile vitundu vinapojifunga, na hapo ndipo pa kuikunja juu ya goti, juu ya sufuria iliyogeuzwa au juu ya bega lako lenye nguo nzito. Ishike hivyo mpaka ipoe. Ikipoa imekumbuka umbo. Ule ung'avu ni wa maana pia kwa sababu uso uliojifunga haunyonyi rangi, na foamu isiyopitishwa moto hunywa kopo zima la dhahabu ikabaki na rangi ya chai.

Baada ya moto, piga msasa kwenye mishono hadi usihisi ngazi. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo, paka safu tatu au nne, kila moja ikikauka kwanza. Kisha nyeusi. Usiruke nyeusi. Dhahabu iliyokaa juu ya nyeusi huwa na uzito wa madini. Iliyokaa juu ya nyeupe huonekana mapambo ya keki. Puliza dhahabu kwa mbali, safu nyepesi, ukiwa umefunga pua na mdomo. Ikishakauka, chukua rangi nyeusi iliyotiwa maji, ipake kwenye mikunjo na pembe zote, halafu uifute mara moja kwa kitambaa. Itabaki mifereji midogo ya giza mahali ambapo vumbi la vita lingekaa. Okoye amepigana, na deraya isiyo na alama ya vita ni ya dirishani dukani. Maliza kwa vanishi isiyo na rangi, la sivyo dhahabu yako itahamia kwenye mashati ya kila atakayekukumbatia.

Pete za shingoni hukatisha watu tamaa bila sababu. Nunua mpira mwembamba wa maji, ule unaouzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kata ukosi wa foamu nyembamba unaofuata shingo na kushuka kidogo begani, uwe na uwazi nyuma. Zungusha vipande vya mpira juu yake, kila kimoja kirefu kidogo kuliko cha juu yake, uvigundishe, uvipake nyeusi kisha dhahabu. Nyuma weka velkro. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya ukosi na koo, na ujaribu kugeuka kulia na kushoto, kwa sababu jenerali asiyeweza kugeuza kichwa hulazimika kugeuka mwili mzima kila anapoitwa, na utaitwa sana.

Shanga zinahitaji aya yake, na zinahitaji heshima. Usijaribu kuzikopi peke yako kutoka kwenye picha. Nenda kwa mama anayezitunga, Maasai Market au mahali pengine unapoishi, msalimie vizuri, keti, umwonyeshe picha ya vazi na umwambie ukweli: ni vazi la mchezo, la mhusika wa katuni, na unataka mkanda wa kifuani wenye rangi hizi. Muulize ni mishono gani ya kwao ambayo hapendi ichezewe. Kuna mapambo yanayovaliwa na bibi harusi, kuna ya mama mwenye watoto, na yeye ndiye anayejua mpaka uko wapi. Akisema hili hapana, ni hapana. Kisha mlipe bei aliyotaja. Naona uchungu kila ninapomwona mtu aliyenunua makopo matano ya rangi ya kupuliza bila kupepesa, halafu akabishana na mama mzima kwa sababu ya kazi ya siku nne za macho na vidole. Ruth Carter alipokea Oscar kwa vazi ambalo mzizi wake uko kwenye mikono ya wanawake hawa. Sisi tunaoliiga tukiwa jirani zao tuna deni la karibu zaidi. Kama pesa haitoshi, agiza mkanda mdogo uliotungwa vizuri na uache sehemu nyingine wazi. Mkanda mmoja wa kweli hubeba kifua kizima.

Kitambaa ni jambo fupi. Chagua chekundu kizito kinachonyumbuka, mpelekee fundi cherehani pamoja na deraya yako iliyokwisha, apime juu yake. Ukimpelekea kitambaa kabla ya deraya atakushonea nguo inayokutosha wewe, na deraya haitaingia. Mwambie aweke zipu ndefu pembeni. Siku moja utamshukuru kwa zipu hiyo ukiwa chooni na deraya nzima mwilini.

Kichwa sasa. Danai Gurira, aliyemwigiza Okoye, alinyoa, na mhusika ana mchoro kichwani. Kama uko tayari kunyoa, nenda kwa kinyozi siku mbili kabla, ngozi ipate kupumua, na mchoro uchorwe asubuhi ya siku yenyewe kwa rangi ya uso inayoosheka. Kama hauko tayari, usinyoe. Nywele zako ni za kwako, na Okoye wa kusuka mistari midogo kuelekea kisogoni ni Okoye kamili. Kitu kimoja tu nakisihi: usivae wigi. Kwenye filamu, katika ile kasino ya Busan, Okoye anavaa wigi kwa kulazimishwa, analalamika, na vita vinapoanza analivua na kumtupia adui usoni. Mhusika amekwisha kutoa msimamo wake.

Mkuki uwe wa bomba la plastiki la nusu inchi, ndani yake ukisukuma ufito mwembamba ili lisipinde. Likate vipande viwili au vitatu, na fundi bomba atakuuzia viungio vya kuviunganisha. Kila kiungio ukizungushie utepe wa ngozi na jicho la mtazamaji halitajua. Ncha iwe ya foamu. Nasema ya foamu. Wapo watakaokutuma Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, wakuchongee ncha ya bati, na mafundi wale wataitengeneza kwa ustadi utakaokutoa machozi. Waagizie kitu kingine: pingili za mkanda, au mfuniko wa kasha la kuhifadhia deraya. Ncha ya bati kwenye ukumbi wenye watoto wa miaka sita haina nafasi, na waandaaji wa tamasha lolote la maana wataichukua mlangoni. Foamu iliyokatwa kwa mshazari na kupakwa fedha juu ya nyeusi itang'aa kwenye picha kwa namna ile ile.

Pengine humtaki Okoye, unataka mhusika mwenye bunduki au magwanda. Nisikilize vizuri. Kenya, Uganda na Tanzania, raia kuvaa nguo za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa la jinai, na askari aliye barabarani hatasoma kitabu cha katuni ili ajue unamwiga nani. Bunduki ya bandia iliyopakwa vizuri, kutoka umbali wa mita ishirini, ni bunduki. Ichore rangi zisizo za silaha, ibebe ndani ya begi lililofungwa, itoe ukumbini tu. Hapa sina mzaha hata kidogo.

Usafiri nao ni sehemu ya vazi. Usipande matatu ukiwa umeshavaa deraya. Mabega ya Okoye hayapiti kwenye mlango ule bila kumchukua mtu miwani, na kondakta ana haki ya kudai nauli ya abiria wa pili kwa ajili ya mkuki. Mkuki uliokatwa vipande utalala miguuni mwako. Deraya ipangwe ndani ya kasha au gunia safi, mabega yamejazwa nguo ili yasibonyee, pete za shingoni zikiwa juu kabisa. Ubebe na mfuko wa dharura: gundi kali ya tone, sindano na uzi mwekundu, pini za kubania, velkro ya ziada, mkasi mdogo, kitambaa cha jasho, maji. Vaa huko huko, saa moja kabla, ukiwa na mtu wa kukufunga nyuma. Kama ni tamasha la Naiccon, la Otamatsuri au la shule ya mtaani kwenu, uliza mapema chumba cha kubadilishia kiko wapi, kwa sababu korido si chumba.

Kunywa maji hata kama hutaki kwenda chooni. Foamu haipitishi hewa, na saa sita mchana ndani ya ukumbi uliojaa, deraya inakupika. Kila saa toka nje, fungua ukosi, upumue. Watu huzimia kwa kuona aibu kufungua velkro.

Ukisimama kupigwa picha, tenga miguu upana wa mabega, uzito uwe mguu wa nyuma, mkuki wima, kidevu chini kidogo, macho juu ya kamera. Usicheke. Kati ya picha na picha, cheka unavyotaka, na mtoto akikuuliza kama mkuki ni wa kweli mpe aushike. Atashangaa ulivyo mwepesi, na swali lake la pili litakuwa umetengenezwaje. Piga goti na umweleze, hadi sehemu ya gundi na dakika kumi. Ule muda wa kumweleza ndio ninaoupenda kuliko jukwaa na mashindano, kwa sababu mtoto huyo ana mkeka wa foamu nyumbani na jioni ile ile atautazama kwa jicho jingine. Mwambie tu aombe ruhusa kwa mama yake kabla ya kukata.

Usiku ukirudi, usifunge deraya ikiwa na jasho. Fungua kila kitu, futa ndani kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, anika kivulini, kwa maana jua kali hulegeza gundi. Shanga zifutwe kwa kitambaa kikavu na zilale bapa. Mishono iliyoanza kuachia iwekee alama ya chaki leo, maana kesho utakuwa umesahau ni ipi. Kielelezo cha kadibodi usikitupe, kiandike jina na tarehe, ukihifadhi chini ya godoro. Kisha mtazame dada yako, au rafiki aliyekufunga nyuma tangu asubuhi na kukubebea maji siku nzima. Mpime mabega. Dora Milaje hawatembei mmoja mmoja, na yule atahitaji rangi ya fedha.